Karai la Grinoki

Jioni hiyo nilikuwa nimebeba hotipoti tu. Ugali, kunde, na kipande cha samaki mkavu, kwa sababu Josephat akikosa samaki hununa kama mtoto aliyenyimwa peremende. Njia ya kwetu Wusi kushuka mtoni ina utelezi hata kiangazi, na ukungu wetu hauna adabu, unaingia mpaka jikoni bila kupiga hodi. Nilikuwa nimezoea. Mume wangu alikuwa akikamua miwa kwa kinu cha injini na kupika sukari nguru kwenye kibanda cha mabati kando ya mto, na mpika sukari hawezi kuuacha moto aje kula nyumbani.

Nilimkuta amesimama na mama yake mbele ya karai jipya. Nasema jipya kwa kuwa lilikuwa geni kwetu. Lenyewe lilikuwa la zamani sana, chuma kizito, pana kiasi cha mtu mzima kujikunja ndani akalala. Ndambuki, yule Mkamba anayeuza vyuma chakavu pale Mraru, alikuwa amelileta na pikapu yake, akaondoka bila kunywa chai. Ndambuki ninayemjua mimi hajawahi kuikataa chai. Alisema lilifukuliwa kwenye shamba moja la Wazungu lililokufa zamani huko tambarare. Kwenye ukingo lilikuwa na herufi zilizotokeza: GREENOCK. Josephat alisoma "Grinoki," akasema bila shaka ni jina la Mjerumani fulani.

Mama mkwe hakucheka. Alilizunguka karai polepole, akainama, akalinusa.

"Hii kitu iko na mwenyewe," alisema. "Tasa kwanza."

Kwetu sisi Wadawida, wale mnaotuita Wataita, hasira si neno tu. Ni kitu. Kinakaa kifuani mwa mtu, na kikikaa sana kinaweza kukausha maziwa ya ng'ombe au kumlaza mtoto wa mwingine kitandani. Ndiyo maana wazee walituachia kutasa. Unajaza mdomo maji ya miwa, unayapuliza nje, fyuuu, na unasema kama kuna aliyekasirika, hasira yake na itoke. Maji yanayotoka yanatoka na hasira hiyo. Hata mtoto mdogo anajua kwamba funda la kutasa halimezwi.

Lakini Josephat ni mzee wa kanisa. Alisitasita, akajikuna shingo, kisha akakumbuka kwamba mama ni mama. Alichota maji ya miwa kwa kikombe cha bati, akajaza mdomo, akaliinamia karai. Hapo hapo tukasikia mtu akikohoa juu ya njia.

Alikuwa mwinjilisti Sylus, anatoka kumwombea mgonjwa, Biblia kwapani.

"Bwana asifiwe," alisema, akasimama.

Mume wangu mashavu yalikuwa yamejaa kama ya panya aliyeiba mahindi. Angepuliza mbele ya Sylus, Jumapili angesimamishwa kanisani kwa kurudia mambo ya mizimu. Alinitazama. Akamtazama Sylus.

Akameza.

"Amina," akaitikia.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama mkwe alijifunga leso upya na kupanda kilima bila kutuaga.

Kesho yake Josephat aliwasha moto. Kwa kawaida maji ya miwa yakichemka hutoa povu chafu, unaliengua, unatia chokaa kidogo, na sharubati inageuka rangi ya asali. Hii ilikataa. Aliengua hadi mkono ukachoka, ikabaki tope. Na ilikuwa na harufu... Si ya sukari kuungua, hiyo naijua. Ilinuka mifupa iliyotupwa motoni.

Upawa ukamteleza. Ukingo wa karai ukamkata kiganja cha kushoto, na damu ikadondokea ndani.

Sharubati ikanyamaza.

Moto ulikuwa unawaka chini yake, mapovu yanapanda, lakini sauti hakuna. Kisha uchafu wote ukainuka juu kama utando wa maziwa, na chini yake kukawa safi, nikaona hadi chuma cha karai. Tulipoimimina ikaganda nyeupe. Sukari nguru ni ya kahawia tangu enzi za mababu. Ile ilikuwa nyeupe kama chumvi ya dukani.

Wanunuzi wakapanda hadi kwetu kutoka Mwatate na Voi kuitafuta. Josephat akajaribu damu ya kuku, ikabaki tope. Akaleta damu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, tope. Nilijua jibu alilolipata nilipoona ameanza kutembea na mkono wa kushoto mfukoni, hata mezani. Kidonda kilikuwa hakiponi kwa sababu alikuwa akikifungua mwenyewe.

Nikamwambia aache, tutalima viazi kama watu wengine. Akauzamisha ule mkono zaidi mfukoni.

"Nikikosa kupika kuna kitu inanipanda hapa kifuani, Wakio. Hasira. Na si yangu. Hata sijui nimekasirikia nani."

Niliogopa. Nasema wazi, tangu hapo sikulala vizuri tena. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, rangi ya majivu, na yeye mwenyewe alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu. Hospitali walisema damu imepungua. Wakamwongeza, nami nikatoa yangu. Akarudi na uso wa binadamu, lakini haikuchukua muda, mashavu yakabonyea tena. Wanaume wa kijiji walikuja kulibeba karai wakalitupe bondeni. Lile lile lililoshushwa kwa pikapu halikusogea hata unywele, na kamba zikakatika. Ndambuki hakushika tena simu. Sylus naye alikuja kuomba, maskini, hajui kwamba ni kikohozi chake kilichotufikisha pale, akaondoka amefunika pua na kitambaa.

Ndipo nikampelekea Dinah picha ya zile herufi. Dinah ni mdogo wangu, anafundisha historia Voi. Alinipigia jioni, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, Greenock si mtu. Ni mji wa bandari, kule Uskoti. Zamani walikuwa wanasafisha sukari huko. Ilikuwa inaletwa na meli kutoka visiwa za mbali, na wenye kuilima ni watumwa. Waafrika. Ilikuwa inafika chafu. Kwa hivyo wanaichemsha wakitia damu ya ng'ombe, ndiyo uchafu upande juu. Baadaye wakaanza kutumia mkaa wa mifupa."

Niliuliza mifupa ya nani.

"Ya wanyama," alisema. "Lakini huko visiwani, walikokuwa wanapeleka makarai kama hilo, kando ya kinu cha miwa, walikuwa wanatundika shoka. Mtumwa akishikwa mkono na kinu, hawasimamishi kazi. Wanakata mkono."

Nilimweleza mama mkwe yote. Alisikiliza akichambua mchicha, wala hakuonekana kushangaa.

"Josephat alimeza hasira ya mtu," alisema. "Sasa si mimi wala pasta wa kuitoa. Hasira inatemwa na mwenyewe."

"Na huyo mwenyewe yuko wapi, Mama?"

"Atakuja. Hiyo sukari inanukia mbali."

Kwa hiyo nikawa nashuka na hotipoti huku nikimtazamia mtu nisiyemjua. Josephat nilikuwa nimembembeleza hadi akakubali kumwaga dizeli yote ya injini ya kinu, na galoni mama mkwe alilifungia chumbani kwake. Bado alikuwa akishinda kibandani. Alikaa karibu na kinu, mkono mfukoni, akilitazama karai kama mtu anayesubiri kuitwa.

Jua lilikuwa linazama nilipomwona. Alikuwa amesimama kwenye njia, juu kidogo ya kibanda, ukungu umemfika magotini. Mwembamba, mweusi tii, suruali ya gunia, miguu mitupu. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa mtupu, unaning'inia. Hewa ilinuka moshi na chumvi.

Hakunisalimu.

Mtu wa huku hawezi kupishana nawe njiani asikusalimu, hata kama mna kesi. Nikajua ni yeye. Nilishuka kibandani, nikachota maji ya miwa yaliyobaki kwenye ndoo kwa kile kikombe cha bati. Josephat hakugeuka. Nikapanda, nikampa yule mtu kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa kama mke mpya mbele ya wakwe.

"Baba," nilimnong'oneza. "Sijui lugha yako. Si sisi tuliokukata. Mume wangu hakujua, alimeza kwa aibu tu. Nakuomba. Ndiye niliye naye. Tasa."

Hakuonekana kuelewa. Nikakichukua kikombe, nikajaza mdomo wangu, nikapuliza majanini mbele yake. Fyuuu. Nikamrudishia.

Akakipokea kwa mkono wake mmoja. Akajaza mdomo.

Aligeuka kulitazama bonde, kibanda, na lile karai lililokuwa liking'aa kwa mwanga wa mwisho. Upepo ulitulia. Vyura wa mtoni wakanyamaza. Midomo yake ikafunguka kidogo, tone moja likateremka kwenye kidevu, nami nikaanza kulia kwa furaha kabla ya wakati.

Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya, naapa. Alinitazama kama mtu aliyechoka sana, ambaye watu bado wanamwomba jambo moja zaidi.

Akameza.

Tuku... tuku... tuku-tuku-tuku...

Injini. Injini isiyo na tone la dizeli.

Josephat hakupiga kelele. Aliniita kwa jina, taratibu, kama anavyoniita nimpitishie chumvi. Nilishuka ile njia kwa makalio na kwa viganja. Kinu kilikuwa kimeushika mkono wake wa kushoto, vidole na kiganja vimekwisha ingia, na magurudumu ya chuma yanazunguka polepole, yanavuta. Nilivuta mkanda wa injini, ukanichuna ngozi ya mikono. Nilimkumbatia mume wangu kiunoni nikavuta nyuma. Kinu kilituvuta sote wawili. Kikafika kwenye kiwiko.

Kwenye nguzo, pale tunapotundika upawa, palikuwa na shoka. Si letu. Mpini wake ulikuwa umelainika kwa kushikwa na mikono mingi.

"Wakio," Josephat alisema. "Funga macho."

Sikufunga. Ningekosea mahali.

Shoka lilipotua, injini ilizimika hapo hapo. Nilikuwa nimeivua leso yangu, naifunga juu ya kiwiko chake kwa meno na mkono mmoja, nikiita majina ya majirani wote ninaowajua, nilipoinua uso. Yule mtu alikuwa anaupanda mlima, kikombe chetu mkononi. Kwa mkono wa pili alikuwa akifuta mdomo.

Mkono wa kushoto.

Ulikuwa na pete. Naijua ile pete. Nilimvisha mwenyewe, madhabahuni, Josephat akatetemeka nikambana kidole ili watu wasione.

Kinu kilifunguliwa hadi msumari wa mwisho. Ndani mlikuwa na makapi ya miwa, makavu. Shoka halikuonekana. Karai bado liko pale mtoni na kuku hawapiti karibu nalo. Mama mkwe akija kutuona huketi upande wa kulia wa mwanawe.

Josephat yu hai. Damu imemrudi usoni, anakula, ile hasira anasema imetoka yote. Kanisani walitoa shukrani kwa muujiza huo na mimi nilisimama nikaimba na wengine. Ningefanya nini?

Lakini jioni, ukungu ukianza kuingia jikoni, ghafla huuegemeza ubavu wake ukutani. Jana alifanya hivyo tena, chai ikampoa mbele yake.

"Wakio, mkono unaniuma," alisema. "Ule mkono umekata miwa kutwa nzima. Jua la huko ni kali, na hawataki tupumzike."

Nikaenda kuleta mafuta ya kuchua. Nikakaa karibu naye, nikafungua kikopo, nikachota kidogo kwa vidole.

Sikuwa na pa kuyapaka.