Dakika Nne Alizozinakili Dobi

Ninyi mnaoishi na wazazi waliozeeka, na ninyi ambao siku hiyo bado haijawafikia, nisikilizeni niwasimulie habari ya nyumba moja ya vyumba vitatu, ambayo kila asubuhi ilinukia nguo safi.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke dobi. Katika chumba cha mbele aliweka meza yake ndefu ya kupigia pasi, iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake. Ukutani zilipita kamba mbili za mashati, kila shati limebanwa kikaratasi cha jina la mwenyewe kwa pini. Chumba cha pili alikaa mama yake mzazi. Mlango wa kati haukufungwa hata siku moja, maana mama alikuwa anasahau.

Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, kama tunavyosahau sote. Kisha akasahau siku, akasahau njia ya kurudi kutoka dukani, na mwisho majina yakaanza kumtoka. Muuguzi aliyempima mama hakumficha dobi neno. Alimwambia kwamba dawa ya kuurudisha nyuma ugonjwa ule hana, ila akae na mama yake, amwongeleshe, amwoneshe picha na kumuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Huenda anachokigusa kila siku ndicho kitakachochelewa kupotea.

Bahati nzuri ilikuwapo DVD. Siku baba wa dobi na kaka yake, aliyekuwa seremala, alipofunga karakana yake na kustaafu, watoto walimwita mpiga video, naye akawatengenezea diski ya saa moja na nusu. Sasa baba alikuwa na miaka sita kaburini. Dobi alikuwa na kompyuta kuukuu aliyouziwa na karani mmoja jirani yake. Aliiweka kwenye meza ndogo mbele ya kiti cha mama, na kila akimaliza kumnywesha uji aliingiza ile diski.

Picha inaanza na baba ameketi kwenye benchi aliloliranda mwenyewe, anapigapiga nafasi iliyobaki kando yake. "Njoo ukae, mke wangu. Nafasi yako hii hapa." Mama anakuja anafuta mikono, anaketi, anaficha uso. Baba anawasimulia wageni jinsi alivyoitwa kutengeneza mlango nyumbani kwa wazazi wa mama, enzi za ujana wao, akaupima mlango ule mara tatu katika siku tatu. "Kipimo nilikijua tangu siku ya kwanza," anasema, na watu wanacheka. Hapo ni dakika nne hivi. Halafu pazia linatikisika, anatokea binti wa miaka kumi na tisa na sinia la chai, kichwa kakigeuzia nyuma anacheka na mtu, hakioni kizingiti. Vikombe vyote chini.

Binti huyo ndiye dobi mwenyewe. Na ilikuwa ikifika hapo, mama akiwa kitini pake, lazima aite. "Mvunja Vikombe! Njoo ujione!"

Dobi anaacha pasi, anakwenda kuchuchumaa kando ya kiti.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ulivunja vikombe sita."

"Vinne, mama."

"Sita. Nilivinunua mimi."

Halafu mama anamshika sikio, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Jina alilompa alipomzaa lilikuwa limekwisha kumpotea, lakini hilo la utani lilibaki, na kwa hilo alimjua kuwa ni mwanawe. Binti hakuwa na kamba nyingine ya kumshikia mama yake ila hiyo, ndugu zangu, na alijua.

Lakini diski ile ilichezwa mara nne kwa siku, mara tano. Kila mara mama aliita, na dobi asipokwenda upesi aliita tena kwa sauti ya kuomba, mpaka wateja mlangoni wakawa wanatazamana. Siku moja alikimbilia wito akasahau kusimamisha pasi. Aliporudi alikuta shati jeupe la mteja lina alama ya hudhurungi mgongoni, kama jani lililokauka. Mteja alilikunja shati lake, akaondoka, na hakuonekana tena. Dobi alikaa juu ya kikapu cha nguo, amechoka, akasema basi, imetosha.

Jumapili mchana, mama akiwa amelala, aliketi mbele ya kompyuta. Yule karani alikuwa amemwonesha kwamba si lazima kunakili diski nzima, mtu anaweza kuchukua sehemu anayoitaka tu. Alifungua programu, akaweka alama ya mwanzo pale baba anapoanza kupigapiga benchi. Alama ya mwisho ilimpa shida. Alisogeza kipanya polepole, akauona mguu wake mwenyewe ukitokeza chini ya pazia. Akarudisha nyuma kidogo. Mguu bado. Akarudisha tena, mpaka pazia likawa limetulia na hapana mtu. Akabonyeza kunakili.

Dakika nne na sekunde kumi na moja. Akaipangia kompyuta iwe inarudia kipande hicho chenyewe, kikiisha kianze upya. Diski akaitia kwenye droo, chini ya paketi za wanga wa kukazia kola.

Nyumba ikatulia. Mama alikaa asubuhi hadi jioni akimtazama mumewe anamkaribisha kwenye benchi, mkono wake ameuweka ukingoni mwa kiti kama anayemwekea mtu nafasi. Hakuita. Dobi alichapa kazi, kola zikanyooka, wateja wakaongezeka. Sitamlaumu sana kwa siku zile za mwanzo. Mwanamke aliyekuwa hapati nafasi hata ya kumaliza mkono mmoja wa shati, leo anamaliza kikapu kizima bila kuinua kichwa, nani asingeshukuru? Alimpelekea mama chakula, akampangusa mdomo, akarudi kwenye meza yake. Mchana mmoja mama alipokea kikombe akasema, "Ahsante, dada." Dobi akadhani anataniwa, akacheka, akaenda zake.

Baada ya miezi miwili alikuja kaka yake, dereva wa malori. Alikaa kwenye chumba cha mbele, akanywa chai, akapiga soga za barabarani. Kisha akaweka kikombe chini, akatega sikio kuelekea chumba cha mama.

"Mbona hakuiti?"

"Ametulia siku hizi," dobi akajibu, huku anakunja suruali. "Nimempunguzia ile video. Anaangalia sehemu ya baba tu."

Kaka aliingia chumba cha pili, na dada yake akamfuata. Mama alimkaribisha kwa adabu kama mgeni. Hilo halikumshtua kaka, kwani yeye alikwisha kusahauliwa tangu mwaka uliopita. Alichuchumaa, akamwelekeza dada yake kwa kidole.

"Na huyu nani, mama?"

Mama alimtazama dobi, akatabasamu. "Huyu ni dada wa chai. Mtu mwema. Ila ana haraka sana."

Dobi alisimama pale na suruali ya mteja mkononi. Kaka yake hakumfokea. Aliuliza tu ile diski iko wapi.

Waliitoa droo nzima, wakaipata, wakaifuta unga wa wanga kwa ncha ya shati. Wakakaa wote watatu. Baba akapima mlango wake mara tatu. Watu wakacheka. Dobi alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya kiti, sikio karibu na mkono wa mama. Pazia likatikisika, mguu ukatokeza, binti akaingia anacheka, vikombe vikaanguka.

Mama aliinama mbele. Dobi akasubiri.

"Huyu binti ni wa nani?" mama akauliza.

Dobi akajibu, "Ana mama yake."

"Yuko wapi?"

"Yuko karibu."

"Basi mwambie asimkemee," mama akasema. "Ni vikombe tu."

Kaka aligeukia dirishani. Dobi aliulaza uso wake kwenye mkono wa kiti, na mama, kwa huruma aliyokuwa nayo kwa watu wote, akampapasa kichwa akimwambia dada wa chai asilie.

Siku ya pili yake dobi alikifuta kile kipande kwenye kompyuta. Meza ya pasi aliihamishia chumba cha mama, wateja wakawa wanazunguka kupitia uani. Diski inachezwa nzima, na ikikaribia pazia anasimamisha pasi, anakwenda kuketi, anasema mwenyewe, "Ni mimi, mama. Vilikuwa sita." Mama humsikiliza, hufurahi naye, hambishii. Muuguzi alipoulizwa alisema pengine ugonjwa ungefika hapo hata bila ya kile kipande, hakuna anayejua. Dobi hakupoa kwa jibu hilo. Anajua tu kwamba siku sitini angeweza kuitwa, na aliyezikata ni yeye. Hata leo, pazia likitikisika, huinua kichwa.

FUNZO

Wanangu, kompyuta haina kosa. Ilinakili ilichoambiwa inakili. Kosa ni kumpa mzazi mashine ikae naye badala yetu, kisha tukaona utulivu tukadhani ndiyo afya. Mzazi anayekuita mara tano kwa siku anakuchosha, sitawadanganya, nami nimewahi kuchoka hivyo. Shati linaungua kweli, na mteja anaondoka kweli. Ombeni msaada kwa ndugu na jirani, pokezaneni, dobi huyu alikuwa na kaka na hakumwambia. Lakini msikate ile sehemu ambayo ninyi mmo. Wito huo mnaouona kero ndio mzazi anaowashikia, na siku ukikoma hamtaweza kuunakili kutoka popote. Ukiitwa, simamisha pasi, uende.