Alimwambia Mmarekani Kabla Yangu

"Hongera sana, Thadei. Wewe mwanaume kweli. Wengine wangemkimbia Odilia."

Aliyesema hivyo ni Russell, Mmarekani wa kujitolea aliyekuwa akifundisha nasi hesabu pale shule ya Bashay. Alikuwa anapangusa pikipiki yake, hana hata habari kwamba amenichoma kisu.

"Wangemkimbia kwa nini?" nikauliza.

"Si ile habari ya baba yake?"

"Habari gani ya baba yake?"

Uso ukamwiva.

"Basi. Nimesema kupita kiasi. Muulize mwenyewe."

Jamani, mimi nina wivu, sifichi. Mtu akimsalimia Odilia mara mbili kwa siku moja, nataka kujua ya pili ilikuwa ya nini. Sasa huyu, mrefu, ana pikipiki, meno yote yapo, anajua siri ya mchumba wangu ambayo mimi siijui! Niliwaachia watoto zoezi la kunakili, nikashuka kliniki.

Nilimkuta Odilia anachemsha sindano. Alikuwa msaidizi wa Miss Hilda, mkunga wa Kiingereza.

"Odilia, huyo Mmarekani ni nani wako?"

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu kampe Russell. Baba yako ana nini?"

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria.

"Amekuambia?"

"Hajaniambia! Ndiyo inayoniuma. Ninayekuoa sijui, yeye anajua."

"Njoo kesho saa kumi, nyumbani kwa Miss Hilda. Nitakuambia mbele ya watu."

"Kwa nini mbele ya watu? Unaogopa nitakupiga?"

"Naogopa nikiwa peke yangu nitashindwa kusema."

Hizo Jumamosi za Miss Hilda nilikuwa nazichukia. Chai, biskuti, na sheria moja: hapo barazani ni Kiswahili tu. Ilikuwa Mei mwaka 1968 na redio ilikuwa haiishi habari, kwa hiyo kila Jumamosi wale wageni wawili walikuwa wakigombana kuhusu nchi zao, Odilia akiwasahihisha. Siku hiyo nilimkuta Odilia ameshaketi karibu na Russell. Nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.

"Thadei, umesikia?" Miss Hilda akaanza. "Huko kwa Russell miji inaungua. Polisi wanawaachia watu weusi mbwa. Bunduki zinauzwa dukani pamoja na sukari. Mimi nalia nikisikia."

"Lia na ya kwenu," Russell akajibu. "Juzi watu wa bandari London wameandamana ili weusi wafukuzwe. Na vyumba vya kupanga mnaandika mlangoni nani asibishe hodi."

"Wale ni wajinga wachache."

"Na wetu ni wajinga wachache."

"Wa kwenu ni wengi!"

"Kwenu mtu akifungua mdomo tu mnajua baba yake alifanya kazi gani, mnampitisha mlango wa nyuma. Hata kama mweupe. Mimi nawahurumia sana maskini wa Uingereza."

"Na mimi weusi wa Marekani."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Kila mmoja alikuwa na huruma tele kwa ajili ya nchi ya mwenzake, ya kwake hana hata tone. Nikaona hapa ndipo pa kumshusha huyu Russell, Odilia akishuhudia.

"Nyie wote wawili mna matatizo," nikasema. "Sisi hapa tumeshatangaziwa ujamaa. Kwetu mtu ni mtu. Habaguliwi mtu."

"Hakuna hata mmoja?" Russell akauliza, ananitazama kwa namna ya ajabu.

"Hata mmoja."

Odilia akaweka birika chini.

"Thadei, mwaka jana siku ya mnada alikuja mzee mmoja kutoka Hirbadaw, kule Hanang, anauza majembe na vichwa vya mikuki. Aliomba maji pale shuleni."

"Namkumbuka. Yule mfua chuma."

"Ulimpa kwa chombo gani?"

"Kwa kopo la bati, nikalitupa shimoni." Nikacheka kidogo. "Wale watu wafua chuma unawajua wewe mwenyewe. Hatuli nao, hatuoani nao. Hilo si ubaguzi, ni mila tu."

Miss Hilda akainamisha kichwa.

"Yule ni baba yangu," Odilia akasema.

Siku zote aliniambia babake ni mfugaji wa Hanang na kwamba yeye mwenyewe alilelewa na masista tangu ana miaka saba. Sikuwahi kuuliza zaidi. Ningepaswa kuona aibu, ninajua. Kilichonitoka mdomoni ni hiki:

"Ukamwambia huyu kabla yangu!"

"Ndiyo, nilimwambia yeye."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu simpendi, Thadei! Russell akinidharau, kesho naamka nachemsha sindano zangu kama kawaida. Wewe ukinidharau nitaamkia wapi?"

Niliondoka bila kuaga. Wiki mbili sikukanyaga kliniki. Nilimwambia kila mtu nina kazi ya kusahihisha madaftari.

Kisha nikawaona. Pikipiki ya Russell ikipanda kutoka njia ya Hanang, vumbi nyuma, na Odilia amekaa amemshika kiuno. Nilirudi ndani nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe chini ya mlango wake:

*Odilia. Nimekuona. Umemshika kwa mikono miwili.*

Jibu nililikuta asubuhi kwenye meza ya ofisi:

*Mwalimu. Pikipiki haishikwi kwa mkono mmoja. Nilikwenda kumwambia baba kwamba umeniacha. Amesema alijua toka mwanzo. O.*

Lile "Mwalimu" liliniuma kuliko kiuno. Nilimpoteza hivi hivi, huku nikihesabu mikono.

Nikaenda kwa baba zangu wadogo kuomba washenga. Wa kwanza alinitemea mate miguuni. Wa pili aliniuliza kama nimelogwa. Mwisho nikajikuta nimesimama mlangoni kwa mtu niliyemchukia kuliko wote Bashay nzima.

"Russell, nataka uwe mshenga wangu."

Akaufungua mlango wote.

"Unanichukia, Thadei."

"Sana. Lakini baba yake anakujua."

Wakaenda wote wawili kwa Landrova ya kliniki, yeye na Miss Hilda. Nasikia walibishana kuhusu nchi zao mpaka Hirbadaw na kurudi. Waliporudi, Russell hakuwa na furaha.

"Baba yake, Mzee Gidamis, amekataa. Amesema sisi ni wageni, tutakwenda kwetu. Binti yake akinyanyaswa, nani ataitwa? Anataka mtu mmoja wa damu yako. Mmoja tu."

Baba yangu alishakufa, na baba zangu wadogo walishakataa. Damu iliyobaki ilikuwa moja, mama yangu Kornelia. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeshasikia. Usiniambie."

"Mama, mmoja tu. Anataka mmoja."

"Nikienda kule, wanawake wa hapa hawatakula tena kwangu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na nisipoenda?"

"Ataolewa na mwingine."

"Yule wa pikipiki?"

"Yeyote, mama. Siwezi kumwona na yeyote. Nitakufa."

Mama akaendelea na maharage yake. "Wivu wa baba yako mtupu," akasema. Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa gauni la kanisani.

Pale Hirbadaw, Mzee Gidamis alikuwa kwenye moto wake akigonga chuma. Alipotuona aliacha nyundo, akarudi nyuma hatua kadhaa, kama alivyozoea kuwaachia watu nafasi wasilazimike kumsalimia. Odilia alisimama mlangoni, mikono kifuani, hanitazami.

Mama akazifuata zile hatua zote. Akasimama mbele ya mzee, akakunja magoti.

"Shikamoo, baba Odilia."

Mzee aligeuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu. Akamgeukia tena mama, akifuta mikono yake.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mama. Karibuni ndani. Karibuni mle chakula."

Mama akainama akaingia, mimi nyuma yake. Odilia akaja mbio. Nikafungua mikono. Akanipita kama hanioni, akamkumbatia mama yangu kwa nguvu zake zote, analia, anamwita mama, mama.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona wivu.