Chupa Tupu Juu ya Kwitutu

Kila asubuhi ya likizo, nyumbani kwa akina Prerna mtaani Milimani, Kisumu, kazi ziligawanywa kabla ya chai. Prerna alipewa kufagia baraza na kumwagilia maua ya nyanya yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mcheshi, mwepesi wa kusoma, na mwepesi zaidi wa kutafuta njia ya mkato. Baraza alilifagia pale tu ambapo macho ya mgeni yangefika. Maua ya mbele aliyanywesha, ya nyuma akayaachia Mungu na mvua yake. Akiulizwa kama amemaliza, alijibu kwamba amemaliza, bila kupepesa jicho. Kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuumia kwa sababu hiyo, hakuona ubaya wowote.

Siku moja alifagia upesi kuliko kawaida. Chama cha mazingira cha shule yao kilikuwa kinaondoka kwenda kisiwa cha Mfangano kupanda mlima Kwitutu, na rafiki yake mkubwa, Aoko, alikuwa ameisubiri safari hiyo muhula mzima. Walikwenda kwa basi la shule hadi Mbita, wakavuka ziwa kwa boti, wakalala kisiwani.

Asubuhi iliyofuata, Mwalimu Wechuli, mlezi wa chama, aliwapanga wanafunzi wawili wawili na kuipa kila jozi chupa kubwa ya maji. Prerna na Aoko walipangwa pamoja. Mwalimu akamwambia Prerna kwamba yeye ndiye atakayebeba maji safari nzima. Aoko asibebe chochote. Tena ahakikishe Aoko anakunywa kidogo kidogo njiani, hata kama hana kiu. Sababu hakuitoa. Aoko aliinamisha uso kama mtu aliyetajwa kwa kosa.

Prerna aliitikia, lakini moyoni alinuna. Aoko alikuwa na mikono miwili kama yeye. Kwa nini yeye ndiye afanywe punda?

Aliyewaongoza mlimani alikuwa Frankline, kijana wa kisiwani aliyezoea kuwatembeza wageni. Njia ilianzia katikati ya mashamba ya mtama na mihogo, ikapita kwenye mwamba wenye michoro ya kale, miduara myekundu na myeupe iliyochorwa na watu walioishi huko zamani sana. Baada ya hapo ilisimama wima kama ngazi. Kila walipogeuka, ziwa lilizidi kuwa pana chini yao, na boti za wavuvi zikawa ndogo kama maganda ya karanga. Frankline aliwaonyesha kisiwa cha Rusinga, na kwa mbali vilima vya upande wa Uganda. Wanafunzi walipiga picha na kushangilia.

Prerna hakufurahia lolote. Mkanda wa mkoba ulimkata bega. Walipopumzika kando ya jabali, alijifanya anafunga kamba za viatu mpaka wenzake wakatangulia. Kisha akaitoa chupa na kuimimina. Maji yalitawanyika juu ya mawe yenye joto yakakauka huku akitazama. Aliacha kidogo tu chini ya chupa, na hayo nayo akayanywa mwenyewe kwa kuwa koo lilikuwa limemkauka. Chupa tupu akaizungushia sweta ili mkoba uonekane umejaa, akapanda mbio, mwepesi kama kipepeo.

Haukupita muda Aoko akamwomba maji. Prerna akamwambia kwamba Mwalimu amesema wayaweke mpaka kileleni. Aoko hakubisha. Alilamba midomo yake, akaendelea kupanda.

Mbele kidogo Mwalimu Wechuli alisimama kuwangoja. Aoko alikuwa amebaki nyuma, ameshika mwamba kwa mkono mmoja, hivyo Mwalimu akamuuliza Prerna kama mwenzake amekunywa.

"Amekunywa, Mwalimu," alisema Prerna.

Neno lilimtoka kwa urahisi uleule wa barazani kwa nyanya yake.

Kileleni upepo ulikuwa mkali na mtamu. Wanafunzi walikimbilia ukingoni kutazama ziwa lililowazunguka pande zote, na Prerna akawa wa kwanza kuomba apigwe picha. Alikuwa ameinua mikono, anacheka, aliposikia sauti nyuma yake. Haikuwa kilio hasa. Ilikuwa sauti ya mtu anayebanwa na kitu kizito na kukosa pumzi ya kupiga kelele.

Aoko alikuwa amelala ubavu juu ya nyasi, amekumbatia miguu yake. Midomo ilikuwa imepauka na kupasuka. Machozi yalimtoka na mwili mzima ukamtetemeka. Prerna alishusha mikono. Hakuwahi kumwona mtu akiumwa namna hiyo, wala hakuamini kwamba huyu ndiye Aoko aliyeimba naye ndani ya basi.

Mwalimu Wechuli alipiga magoti, akamuuliza anaumia wapi. Aoko alisema miguu na mgongo, kisha akashindwa kuongea. Mwalimu alifikiri kidogo. Akamwambia Frankline kwamba ugonjwa wa mtoto huyu huamshwa sana na ukosefu wa maji, lakini leo amekunywa njia nzima, kwa hiyo labda ni uchovu. Wamwache apumzike, huenda maumivu yakapungua.

Prerna aliyasikia maneno hayo. Alitambua kwamba Mwalimu alikuwa anaamua jambo kubwa kwa kutegemea neno lake, na neno lenyewe lilikuwa tupu kama ile chupa. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua kwa sasa. Alimtazama Aoko, akaona vidole vyake vimechimba udongo kwa maumivu.

"Mwalimu, hajakunywa," alisema. "Hajakunywa hata tone. Maji niliyamwaga."

Mwalimu Wechuli alichukua mkoba, akaikunjua sweta, akaitoa chupa na kuitikisa. Prerna alingoja kufokewa. Mwalimu huyu alifoka hata kwa kitabu kisicho na jalada. Lakini sasa hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Prerna kuliko yote.

"Aoko ana selimundu," alisema polepole. "Akikosa maji mwilini, damu yake inakwama kwenye mishipa. Anaweza kufa, Prerna."

Kufa? Kwa maji aliyoyamwaga kwa sababu ya bega kuuma?

Hakukuwa na wakati wa kulia. Mwalimu alikusanya maji kidogo yaliyobaki kwenye chupa za wengine akamnywesha Aoko. Frankline alipiga simu nyumbani kwao chini ya mlima, akaomba waletewe maji na pikipiki ingoje barabarani. Kisha akambeba Aoko mgongoni na kuanza kuteremka, Mwalimu akimshika kwa nyuma asiteleze. Kila Frankline alipokanyaga jiwe, Aoko aligumia, na kila mgumio ulimchoma Prerna kifuani.

Katikati ya mteremko walimwona chini yao mama yake Frankline, Mama Akinyi, anapanda na mtungi wa maji, anahema. Prerna alichomoka kwenye mstari bila kuagizwa, akamteremkia, akaupokea mtungi na kupanda nao. Mikono ilimwaka, lakini hakutua. Alimnywesha Aoko mwenyewe, kwa haraka hata maji mengine yakamwagika kidevuni.

"Kidogo kidogo, nyathina," Mama Akinyi alimwambia Prerna kwa upole alipowafikia. "Usiogope, mwanangu. Anameza."

Kwenye kituo cha afya cha kisiwani, muuguzi alimwekea Aoko dripu na kumpa dawa ya maumivu. Alimweleza Prerna kwamba mtu mwenye selimundu huzaliwa nayo, haiambukizi, na kwamba chembe zake za damu hujikunja kama mundu. Maji mengi huisaidia damu kupita. Kama Aoko asingeteremshwa upesi, alisema muuguzi, mambo yangekuwa mengine. Prerna alitoka akaketi kwenye ngazi.

Mama yake Aoko alifika kwa boti ya kwanza asubuhi. Wakati huo Aoko alikuwa ameketi kitandani, anakunywa uji. Mwalimu Wechuli alimweleza mama huyo yote yaliyotokea, akakiri kwamba naye alikosea kumwachia mtoto jukumu zito hivyo bila kumweleza uzito wake. Aoko alisema yeye ndiye aliyemwomba Mwalimu afiche ugonjwa wake, maana hakutaka kuhurumiwa.

Prerna alisimama mbele ya mama huyo, akashindwa kuinua macho. Alimwomba msamaha, kisha akamgeukia Aoko, akamwomba na yeye. Aoko alinyoosha mkono usiokuwa na dripu, akamshika kidole.

Mama Aoko alimtazama bintiye, kisha akamgeukia Prerna.

"Njia ya mwongo ni fupi, Prerna," alisema. "Wewe uliona mzigo ni maji. Mzigo ulikuwa mtu. Na wewe, Aoko, rafiki asiyejua unaumwa nini atakulindaje? Nimekasirika, sitaficha. Lakini nimeambiwa, Prerna, kwamba ulisema kweli wakati hakuna aliyekulazimisha, na kwa sababu hiyo mwanangu anakunywa uji. Ukweli wako ulichelewa, ila ulifika. Siku nyingine, usingoje mpaka mtu aanguke."