Tundu Lisilo na Maranda

Haya yalimfika Outi, yule wa nyumba ya mwisho kwenye ghuba ya ziwa Hietajärvi, na Outi si mwanamke wa kuona mambo. Ni mtu wa kufua, kupika, kupasua kuni na kulala.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine zote za Februari. Alimvalisha bintiye Hilla nguo za theluji, akamvua tena kwa sababu mtoto alikumbuka choo baada ya zipu ya mwisho, akamvalisha upya. Akabandika viazi. Kupitia dirisha la jikoni alimwona mama mkwe wake, Lempi, ameketi juu ya ndoo katikati ya ziwa lililoganda barafu, mgongo umepinda, mkono ukichezesha mshipi juu na chini kwenye tundu la barafu. Lempi alikuwa akivua made, samaki mwenye udevu mmoja kidevuni, ambaye hutoka kilindini baridi inapokuwa kali, na ini lake ndipo huwa tamu.

Watu walimshangaa Lempi. Mwanawe Tarmo, mume wa Outi, alizama mwanzoni mwa Desemba pale kwenye mlango wa ghuba, ambako mkondo huila barafu kwa chini. Waliikuta sleji yake, kile kigari cha kukokota juu ya theluji, na kiti chake. Yeye na drili yake ya kutobolea barafu hawakuonekana. Wapiga mbizi walitafuta mpaka barafu ikawafungia, wakasema tusubiri Mei iyeyuke. Na mama yake bado anakwenda kuvua ziwa lilelile!

"Nikae wapi?" Lempi aliwajibu. "Mwanangu yuko huku. Nyumbani yuko nani?"

Chombo alichokuwa akitobolea barafu alikuwa ameundiwa na Tarmo. Bega la mama lilichoka kuzungusha keekee ya mkono, kile chuma kirefu cha kutobolea, basi Tarmo akakata mpini wake, akaifunga ile keekee kwenye mdomo wa drili ya betri, drili hizihizi za mafundi, akaivisha na sahani ya plastiki ili ikichomoka isizame ziwani. Yake mwenyewe akaitengeneza vivyo hivyo. Betri zao zilikuwa za aina moja, na walizitunza kwa namna moja: kifuani, chini ya sweta, maana baridi huimaliza betri upesi kuliko kazi.

Outi alipopeleka chupa ya kahawa, Hilla akiwa juu ya sleji, alimkuta jirani yao Urho amesimama hapo na mashine yake ya petroli ya kutobolea barafu begani.

"Lempi, dada yangu, bado unatundika picha ziwani?" Urho alisema. "Drili hiyo ni ya kutundikia saa ukutani."

"Na mashine yako imewafukuza samaki mpaka Urusi. Wafuate basi. Usisahau pasipoti."

Outi alicheka. Alijisikia akicheka, akaona haya kidogo. Alipogeuza uso ndipo akaliona tundu jingine, mbali kidogo upande wa mlango wa ghuba.

"Na lile la nani?"

"Si langu," Lempi alisema.

"Wala langu," Urho alisema.

Wakaliendea. Lilikuwa tundu safi, la duara, maji yake meusi yakitulia. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Keekee inapokula barafu huitapika juu, ikaacha kilima cheupe kilichozunguka tundu, kama maranda chini ya meza ya seremala. Hapa hapakuwa na maranda. Theluji ilifika mpaka ukingoni, haijaguswa, haina hata alama ya buti.

"Labda yamepeperushwa," Outi alisema.

Urho alipiga magoti, akavua glavu, akapitisha kidole kwenye ukingo. Alikipitisha tena.

"Umemeguka," alisema taratibu. "Tundu humeguka pale keekee inapotokea. Inapoingia huwa laini."

Urho akabeba mashine yake akaenda zake. Hakunywa kahawa, na tangu Outi aolewe pale hakuwahi kumwona Urho akiacha kahawa.

Kesho yake kulikuwa na tundu jingine, karibu zaidi na nyumba. Kisha mengine. Lempi aliyachomekea matawi ya msonobari pembeni, kama ilivyo desturi, ili mtu asitumbukie. Haikupita wiki, Outi akiosha vyombo aliona kupitia dirisha mstari wa matawi uliotoka kwenye mlango wa ghuba na kuelekea moja kwa moja kwenye gati lao. Mwanzoni matundu yalikuwa yameachana mbali. Kisha yakasogeleana, kama hatua za mtu anayechoka.

Jumamosi, baada ya kuoga kwa mvuke kwenye sauna, Outi alikuwa akimkausha Hilla nywele.

"Mama, Baba anatoboa."

Taulo lilisimama. "Nani kakuambia?"

"Namsikia mimi. Drili yake inasema uuuu. Halafu inasema uu. Betri inamwishia."

"Hilla, nisikilize mwanangu. Mtu hawezi kuishi chini ya barafu."

"Ndiyo maana anatoboa," mtoto alisema.

Outi hakumsimulia mtu. Lakini siku iliyofuata, jua likianza kuzama nyuma ya msitu, alitoka kumwita Lempi aje kula. Alipokuwa akitembea barafuni alisimama ghafla. Hakusikia kitu masikioni. Alikisikia kwenye nyayo. Mngurumo mwembamba, chini kabisa, ukipanda kupitia soli za buti hadi magotini. Ulidhoofika. Ukakata. Ukaanza tena.

Lempi alikuwa amepiga magoti kwenye tundu la mwisho, akishusha kitu majini kwa kamba.

"Mama, unafanya nini?"

"Shh."

"Ni nini hicho?"

"Betri." Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, mdomo umefungwa barabara. "Nimelala nayo kifuani. Ina joto bado."

"Mama. Tarmo amekufa."

"Najua amekufa," Lempi alinong'ona. "Nimemzaa mimi, nisijue? Lakini amechoka, Outi. Msikilize."

Kwa kitambo Outi naye alitaka. Alitaka aione kofia ya kijani ya Tarmo ikichomoza majini, amgombeze kwa kuchelewa, amvue buti, ampe viazi vilivyopoa. Alitaka hivyo kwa mwili mzima, mpaka meno yakauma.

Kamba ikakaza. Haikuchezacheza kama ya samaki. Ilikaza, ikatulia, ikalegea. Lempi akaivuta. Ncha yake ilikuwa tupu na imenyooka. Haikukatwa. Kifundo kilikuwa kimefunguliwa.

Asubuhi matundu yalikuwa yamefika karibu na gati.

Outi aliyaona alipotoka kumwaga majivu ya jiko. Hilla alikuwa akicheza uani, akiimba. Outi akamwaga majivu, akakung'uta ndoo. Alipoinua kichwa, wimbo ulikuwa umekoma.

Mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu. Mkono wake ulikuwa ndani ya tundu, mpaka begani.

Outi alikimbia.

"Usipige kelele, Mama," Hilla alinong'ona. Alikuwa akitabasamu. "Baba amenishika."

Outi alimkumbatia kiunoni akavuta. Upande wa pili nako kulivutwa. Si kwa nguvu. Hilo ndilo lililomtia hofu. Kulivutwa polepole, kwa upole, kama mtu anayemwongoza mtoto kuvuka barabara.

Akavuta kwa uzito wake wote. Wakaanguka chali. Mkono wa mtoto ulitoka umelowa, bila glavu.

"Alikuwa ananionyesha njia!" Hilla alilia. "Umemwachanisha na mimi!"

Outi alimbeba hadi ndani, akambadilisha nguo, akamweka mapajani mwa bibi yake karibu na jiko. Akafunga zipu ya koti lake mwenyewe.

"Asitoke," alimwambia Lempi.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kumwagilia."

Kule kwao kila mtu anajua barabara ya barafu inavyotengenezwa ili lori la magogo lipite juu ya ziwa: unamwaga maji juu, yanaganda, unamwaga tena. Barafu inanenepa. Na kila mtu anajua betri moja inatosha kutoboa matundu mangapi, na kwamba barafu nene huyapunguza. Outi hakuwa na dawa wala sala. Alikuwa na ndoo mbili na bomba la uani.

Mngurumo ulikuwa umeshaanza, kati ya tundu la mwisho na gati. Ulikuwa na nguvu. Betri ilikuwa mpya. Aliutafuta kwa nyayo, kushoto, kulia, mpaka akasimama juu yake, barafu ikitetemeka chini ya visigino.

Akamwaga ndoo ya kwanza. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha mate mdomoni. Maji yalitanda, yakalia, yakaganda. Akaleta nyingine. Na nyingine. Mikono ya koti ikawa migumu kama mbao.

Akapiga magoti.

"Tarmo," alinong'ona. "Rudi."

Drili iliendelea.

"Hilla simtoi. Unanisikia? Ungeniita mimi, ningekuja. Yeye hapana."

Drili ikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti, kwa sababu kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Outi alikifahamu. Alikuwa amekaa nacho meza moja miaka tisa.

Kisha ikaanza tena. Polepole zaidi.

Akamwaga. Alilia huku akimwaga. Kazi haikumngoja amalize. Uuuu, chini yake. Akaenda bombani, akarudi. Uuu. Akaenda, akarudi. Uu.

Alipogeuka, Lempi alikuwa amesimama kwenye gati. Uso wa Hilla ulikuwa umebanwa kwenye kioo cha dirisha nyuma yake. Mkono wa Lempi ulikuwa ndani ya sweta.

"Iko moja imebaki," Lempi alisema. "Outi, mama yangu, nakuomba. Amefika hapa. Amefika mlangoni."

"Usimpe."

"Ni mwanangu!"

"Na yule ni wangu."

Lempi aligeuka akatazama dirishani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaitoa betri kifuani, akainama kwa taabu ya bega lake, akailaza juu ya theluji, wazi, kwenye baridi. Akasimama hapo akiiangalia ikipoa, kama mtu anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa.

U.

Kisha mlio mdogo: ta. Ta. Ta. Ndiyo drili iliyoishiwa: unabonyeza, inataka, haiwezi.

Outi alilala kifudifudi, sikio kwenye barafu. Alisikia kugongwa. Taratibu, kwa vifundo vya vidole, kama Tarmo alivyozoea kugonga mlango akichelewa, asimwamshe mtoto.

Outi aliuma koti lake ili asijibu. Kugonga kukaendelea, kukapoa, kukakoma, na yeye akabaki amelala pale mpaka Lempi alipokuja kumshika kwapani na kumnyanyua.

Usiku ule walilala kitanda kimoja. Walimlaza Hilla katikati yao.

Kulipopambazuka Outi alichukua ufagio akaenda kufagia theluji mahali pale. Lempi alimfuata. Barafu ya maji aliyomwaga ilikuwa safi kama kioo, na chini yake walikiona kisima kilichopanda kutoka gizani, cha duara, kimenyooka, kimeishia chini kidogo tu ya nyayo zao. Unene uliobaki haukufika kidole kimoja. Angemwaga ndoo moja pungufu, kingetokeza.

Na kwenye dari la kile kisima kulikuwa na alama.

Lempi alipiga magoti. Alisogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu, akaufuta kwa mkono, akatazama tena. Kilikuwa kiganja. Kiganja cha mtu mzima, vidole vitano vimetanuliwa, kimedidimia kwenda juu ndani ya barafu, kingo zake laini, zimeyeyuka.

"Maiti haina joto, Outi," Lempi alinong'ona. "Maiti haiyeyushi barafu."

Mei barafu iliondoka. Wapiga mbizi walirudi, wakatafuta ghuba nzima, hawakupata mtu wala drili. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile Outi alipiga magoti kando ya mama mkwe wake. Alivua glavu, akakiweka kiganja chake juu ya kile cha chini, kidole kwa kidole. Akakaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, na jua likapanda juu ya msitu.

Barafu ya upande wa Outi, chini ya kiganja chake, haikuyeyuka hata tone.