Ishara Namba Tisa

Mpelelezi Fausta Silwimba aliuvunja mlango wa choo cha wasanii kwa teke moja.

Ndani alikuwamo Yesaya, fundi wa taa wa ukumbi ule wa Chapwa. Mikono imefungwa waya, kitambaa mdomoni. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa.

Kimoja kimoja.

Hasira ilimpanda Fausta hadi machoni. Alikata waya kwa kisu chake cha Leatherman.

"Nani?"

"Ferdinand. Amekaa kwenye meza yangu ya taa."

Fausta alimjua. Alikuwa akimfuatilia tangu machimbo ya Saza. Ferdinand alikodisha mitambo ya muziki, na ndani ya makasha ya spika alivusha dhahabu ya wizi kwenda Zambia. Muda huo lori lake la Scania lilikuwa kwenye foleni ya forodha, karibu na ukumbi. Fausta hakujua tu lingepitaje mbele ya maofisa waliokwisha kuonywa.

Yesaya alimweleza. Kwenye meza ya taa, kila badiliko la mwanga hupewa namba, nalo huitwa ishara. Ikisemwa "tayari," fundi anaweka kidole kwenye kitufe. Ikisemwa "nenda," anabonyeza. Ferdinand alikuwa ameichezea ishara namba tisa. Ikibonyezwa, taa zote zingezimika, mashine ya moshi ingefoka, na watu wake wangepiga kelele za moto. Madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi. Mlango wa nyuma umefungwa mnyororo. Watu wangekanyagana, polisi na forodha wangekimbilia ukumbini, na lori lingepita.

Jukwaani walikuwa wakiimba watoto wa kwaya kutoka Ibaba.

Fausta alibonyeza redio yake ya Motorola na kumwambia mkuu wake, Idrisa, kwamba hawa mbwa walitaka kuua watoto ili lori lipite. Idrisa akamwamuru awatoe watu nje.

"Akiona watu wanatoka atabonyeza, Afande. Tuma vijana wakate mnyororo kimya kimya. Forodha asiondoke mtu."

Alimuuliza Yesaya kama angeweza kukata umeme. Yesaya akatikisa kichwa. Giza ndilo walilolitaka. Lakini nyuma ya jukwaa palikuwa na meza ya akiba. Ikishika usukani wa taa na moshi, ile ya mbele hubaki pambo.

Wakaenda wakiinama nyuma ya mapazia. Mlinzi wa Ferdinand, aliyesimama kando ya meza hiyo, aligeuka. Fausta alimpiga koo kwa kiwiko, akamlaza chini kabla hajapata sauti.

Yesaya alielekeza kwa mkono mzima. Kitufe chekundu, kishikilie mpaka kiwake. Sasa pandisha kitelezi kikuu, kile cha kuongeza mwanga, hadi juu, usikiachie.

Kitufe kikawaka.

Kwenye spika ndogo ya meza ilisikika sauti ya Ferdinand, tulivu kama ya mtu anayeagiza chai.

"Ishara tisa, tayari. Dereva, tayari."

"Ee mukwai," akakubali dereva kwa Kibemba.

"Nenda."

Taa zilibaki zikiwaka. Moshi haukutoka. Watoto waliendelea kuimba.

Forodhani, Zuleha, askari mwenzake Fausta aliyeshinda pale akijifanya wakala wa mizigo, aliona Scania ikichomoka kwenye foleni na kuvamia kizuizi. Maofisa wote walikuwa mahali pao. Alipasua matairi ya mbele kwa risasi mbili.

"Tumelishika," alisema redioni. "Makasha yote yamo."

Fausta alimwachia Yesaya kitelezi, akazunguka hadi mbele. Ferdinand alikuwa bado anabonyeza. Alibonyeza tena na tena, akitazama dari, mpaka mdomo wa Glock, bastola ya Fausta, ulipomgusa kisogo.

"Toa mkono."

Aligeuka polepole. Akasema asingekufa mtu, watoto wangechubuka tu kidogo, na kwamba watu wa mpakani nao lazima waishi.

Fausta alikishika kidole chake cha shahada. Akakipinda mpaka jasho likamtoka yule mtu. Alitaka kukivunja. Alitaka kuvivunja vyote.

Akakiachia. Akamfunga pingu, akamsukumia polisi waliokuwa wakiingia.

Idrisa aliita redioni kwamba wakubwa wako njiani kutoka Vwawa, wanataka kumpongeza yeye mwenyewe.

"Watasubiri, Afande. Nampeleka fundi hospitali."

Alizima redio. Akauweka mkono mzima wa Yesaya begani mwake, na wakatembea taratibu kuelekea barabarani, kwenye jua la alasiri.