Simu Isiyo na Mnara

Namba ilikuwa hewani. Mnara haukuwepo.

"Rudia," alisema Ejore.

"Nimesema namba ya huyu wanayemwita Fundi inapiga, inapokea, na hakuna mnara hata mmoja Turkana nzima unaoiona."

Sauti ya Chelangat ilimfikia kupitia kidude cha sikioni, kavu, sauti ya mtu aliyekunywa kahawa badala ya kulala. Chelangat alikuwa Nairobi, mbele ya skrini sita, katika jengo lisilo na kibao. Ejore alikuwa juu ya pikipiki aina ya Boxer katikati ya vumbi la Kakuma, jua la saa sita likimchoma utosi.

"Anatumia Thuraya?"

"Setilaiti ingekuwa rahisi. Hii ni laini ya kawaida, kama yako na yangu. Anapiga kupitia Wi-Fi. Simu haiendi kwa mnara. Inaingia kwenye intaneti, inafika kwa kampuni ya simu kwa mlango wa nyuma, namba ni ile ile. Na intaneti yenyewe inatoka kwa dishi. Kwangu hapa inasoma Nairobi!"

"Kwa hivyo anaweza kuwa popote."

"Popote penye hiyo Wi-Fi. Na Wi-Fi haifiki mbali, hatua hamsini, sitini. Itafute. Una saa mbili."

Akakata. Chelangat hakuwa mtu wa kwaheri.

Saa mbili! Jamani, kuna watu hutafuta mbuzi wao mmoja Kakuma wiki nzima.

Lakini Ejore hakulalamika. Miaka tisa ya ukachero ilikuwa imemtoa hiyo tabia. Aliijua hesabu. Mahali fulani kusini mwa Lodwar, Isuzu moja ilikuwa imejificha vichakani, magunia ya makaa juu, maboksi themanini ya risasi chini. Dereva alikuwa akingoja. Saa nane na robo angempigia Fundi, naye Fundi angemwambia barabara ipi haina askari. Jioni lori lingefika Kainuk.

Kainuk.

Hapo ndipo baba yake Ejore alipopigwa risasi akinywesha ng'ombe mtoni Turkwel. Ejore alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walimletea mama yao shuka na fimbo, ng'ombe wote wakaenda na wezi wa ng'ambo ya mto. Kaka yake, Lomenen, akaacha shule wiki hiyo hiyo ili Ejore abaki darasani. Kila herufi aliyoijua Ejore ilikuwa imelipiwa na jasho la Lomenen. Hilo halikumtoka moyoni hata siku moja.

Mwenye risasi za lori hilo alikuwa mgeni mmoja, Radek, mtu wa ndege ndogo na tabasamu pana. Asubuhi hiyo Chelangat alikuwa amenasa sauti yake na kuituma kwa Ejore. Radek alikuwa akimwahidi mtu nusu ya mzigo. Nusu kwa watu wa upande huu wa mto, nusu kwa wale wa ng'ambo. "Wakimalizana," alisema, akicheka, "watanunua tena."

Ejore aliisikiliza mara moja. Ilimtosha.

Akawasha pikipiki.

*

Nyaruach alikuwa na kibanda cha chai na kuchaji simu ukingoni mwa kambi. Alitoka Sudan Kusini akiwa msichana, sasa alikuwa na wajukuu. Aliona kila kitu na hakumwambia mtu ovyo.

"Karibu, Ejore. Leo umekuja na uso wa deni," alimtania akimmiminia chai.

"Mama Nyaruach, natafuta mahali simu inaongea bila network."

Mama huyo akaacha kumimina.

"Kule kwa laga," alisema, akielekeza kidevu upande wa mto Tarach, mkavu kama kawaida yake. "Ile stoo ya mabati ya zamani. Huko simu inakufa kabisa, unajua. Sasa juzi mimi naenda kuni, nasikia mtu ndani anaongea na simu. Naangalia yangu, network hakuna. Nikasema, huyu anaongea na shetani ama nini?"

"Mtu wa aina gani?"

"Mrefu. Kofia iko chini hapa. Lakini ana heshima, wacha nisimsingizie. Kila akipita ananisalimu, ejok mama, ejok mama. Ananunua maji, anakwenda."

Ejore aliacha chai ikiwa nusu.

"Maliza!" Nyaruach alimfokea. "Mtu hafi na chai kwa kikombe."

Akaimaliza kwa mkupuo mmoja, ikamwunguza ulimi, akaondoka.

*

Stoo ilikuwa peke yake nyuma ya kingo za laga, ukuta wa mawe nusu, mabati nusu. Juu ya paa palikuwa na kitu cha mraba, kimefunikwa gunia. Dishi.

Ejore aliiacha pikipiki mbali akatambaa mchangani. Bastola ya Glock mkononi. Akaitazama simu yake. Mistari ya network ilikuwa imekufa zamani, ikabaki alama ya msalaba tu. Hakujisumbua kuuzima mlio. Simu maiti italiaje?

Hilo lilikuwa kosa, na mwanafunzi wa mwezi wa kwanza asingelifanya.

Akajibana na ukuta, mgongo kwenye mawe ya moto. Akahesabu pumzi. Mlinzi mmoja mlangoni, AK begani, akitafuna kitu. Ndani mtu alikuwa akikohoa.

Saa nane kamili, simu yake ikalia.

Ikalia! Kwa sauti, mfukoni, mahali ambapo hata redio ya polisi hukoroma tu. Ejore aliitoa haraka. MAMA, ilisema. Kila siku saa nane mama yake humpigia.

Nyayo. Mlinzi alitokea pembeni mwa ukuta, mdomo wazi. Ejore alimwingia chini ya bunduki, kiwiko shingoni, goti tumboni, kitako cha Glock nyuma ya sikio. Sekunde nne. Mlinzi akalala mchangani bila neno.

Simu bado ilikuwa ikilia. Mama huyo asipopokelewa hupiga mpaka betri iombe msamaha. Ejore akapokea, akanong'ona.

"Mama."

"Ejok, Ejore. Mbona unaongea kama mtu ako kanisani? Hii simu yako ilikuwa imekataa."

"Niko kazini, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Haya. Lomenen naye nimempata saa hii tu. Anasema ako Kitale, mvua imewanyeshea vibaya. Nikamwambia ajifunike. Mpigie ndugu yako, Ejore. Sauti yake sikuipenda."

"Nitampigia."

Mama yake akakata. Ndipo Ejore akatazama juu ya skrini.

Msalaba wa network ulikuwa pale pale. Kando yake, alama ya Wi-Fi, imejaa. Simu yake ilikuwa imeingia kwenye mtandao wa watu wenyewe, bila kuulizwa neno la siri, kama inavyoingia kila akifika nyumbani. Akagusa kuona jina.

LOKORI.

Ejore akalisoma mara ya pili.

Lokori alikuwa dume la ng'ombe la Lomenen. Dume lenye mabaka ya twiga, pembe zimeinamishwa kwa mkono, kengele shingoni. Kijana wa Kiturkana huwa na dume lake, huliimbia, na wenzake humwita kwa jina la dume hilo. Lomenen alikuwa Apalokori, baba wa Lokori. Dume lilichukuliwa siku ile ile ya baba yao. Jina likabaki. Alipokuja kuwa fundi wa simu aliliandika kila mahali, kwenye kofia ya pikipiki, kwenye kisanduku cha vifaa, na kwenye Wi-Fi aliyomfungia mama yao huko Nawoitorong, kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa nyuma ya kilima na mnara haukuifikia. Neno la siri lilikuwa jina la baba.

Simu ya Ejore ililijua jina. Ililijua na neno la siri.

Hakukuwa na Kitale. Hakukuwa na mvua.

Ejore alikaa chini mchangani, kachero wa miaka tisa, akauma mkono wake mwenyewe ili asipige kelele. Iliuma. Mungu wangu, iliuma. Kisha akasimama, akamfunga mlinzi mikono kwa mkanda wa AK yake, akaingia, kwa sababu lori halikuwa na huruma.

*

"Apalokori."

Mtu wa ndani alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mgongo mlangoni. Hakugeuka.

"Nilisikia mlio," alisema Lomenen. "Nikajua tu."

"Weka mikono mezani."

Akaiweka. Mikono mirefu, yenye makovu ya waya. Mikono iliyombeba Ejore mgongoni mpaka shule ya msingi, mvua na jua.

"Ulibadilisha simu mara sita," Ejore alisema. Sauti yake haikuwa yake. "Laini mara tisa. Mbona hukubadilisha jina la Wi-Fi?"

Lomenen akageuka sasa, macho mekundu.

"Jina la dume langu libadilishwe? Walichukua baba, walichukua Lokori. Jina nalo niwape?"

"Na risasi je?"

"Risasi ni za watu wetu! Wewe ulienda kusoma, ukapata suti. Mimi nilibaki na wale watoto wanaochunga na fimbo, wanaouawa kama digidigi. Wale wa ng'ambo wana bunduki. Nifanye nini, nikaombe serikali yako? Imemkamata nani kwa ajili ya baba? Nani, Ejore?"

Jibu lilikuwa hakuna mtu, na wote wawili walilijua.

Ejore akaweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya Radek ikajaa stoo. Nusu upande huu. Nusu ng'ambo. Wakimalizana, watanunua tena. Halafu kile kicheko.

Lomenen alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba tena. Ejore akarudia.

"Huu mkono wangu," Lomenen alisema polepole, akiutazama, "ndio ungewapelekea wale wa ng'ambo."

"Lori liko wapi?"

"Dereva hunipigia tu. Sijui alipo. Nikisema barabara, anaitika, basi."

Simu ya mezani ikaanza kulia.

Saa nane na robo.

Walitazamana. Ejore angeweza kuipokea mwenyewe, lakini dereva aliijua sauti ya Fundi. Angeweza kumwekea kaka yake Glock kichwani. Aliiinua, akairudisha chini.

"Ndugu yangu," alisema. "Tafadhali."

Lomenen akapokea.

"Fundi! Nishike gani?" Sauti ya dereva ilikuwa safi kabisa, kana kwamba yuko hapo mlangoni. "Ya vichakani ama ya lami?"

Lomenen akafumba macho. Kijasho kilimtiririka puani.

"Shika lami," alisema. "Pitia Lokichar. Iko sawa, hakuna mtu."

"Poa, Fundi."

Lomenen akajitegemeza mezani. Kwa neno moja alikuwa amejifunga, na alijua.

Ejore, kwa kutumia Wi-Fi ile ile, akampigia Chelangat.

"Isuzu, makaa, inakuja kwa lami. Ifungieni Lokichar."

"Umempata Fundi?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

Ejore akaangalia ukutani.

"Nitaandika kwa ripoti."

Dakika arobaini ziliwapita wakiwa wamekaa hivyo. Kisha Chelangat akapiga. Lori limekamatwa, hakuna hata risasi moja iliyofyatuliwa. Radek ametolewa kwenye ngazi ya ndege yake uwanjani Lodwar, tabasamu limemwisha. "Kazi safi," alisema. "Gari la kukuchukua liko njiani."

Simu ya Lomenen ikalia tena. MAMA.

"Nipe dakika moja," Lomenen aliomba. "Moja tu."

Sheria ilisema hapana. Ejore akaitika kwa kichwa.

"Mama. Ejok. Niko na Ejore hapa. Ndiyo, amenikuta. Tumekula, Mama. Tumekula pamoja, tumeshiba." Akamtazama Ejore. "Ukae salama."

Akainyoosha mikono mwenyewe. Pingu zikalia mara mbili. Ejore aliziangalia zisimbane, kisha akageuza uso, kwa maana machozi yalikuwa yamemshinda na hakutaka kaka yake ayaone. Kaka yake aliyaona.

*

Siku ya pili yake Idara ya Ejore ilitaka router, kile kisanduku cha Wi-Fi ya mama kule Nawoitorong. Ushahidi, walisema. Jina lile lile, neno la siri lile lile. Ejore alikwenda mwenyewe. Hakutaka mgeni aingie nyumba ile na buti.

Mama yake alikuwa amekaa barazani, shanga shingoni, simu mapajani. Alimtazama mwanawe akisogeza kiti, akinyoosha mkono juu ya kabati, akichomoa waya. Taa ndogo za kijani zikazimika. Kwenye simu ya mama, alama ikageuka msalaba.

"Sasa Lomenen atanipigia aje?"

Ejore alisimama na kisanduku mkononi. Alikuwa ameandaa maneno matatu ya uongo barabarani. Yote yalimtoroka.

"Jana aliniambia mmekula," mama aliendelea taratibu. "Mimi sikuwa nimemwuliza. Huyo mtoto tangu azaliwe hajawahi kuniambia amekula kabla sijamwuliza. Nikajua kuna kitu." Akaigeuza simu mapajani. "Ako hai?"

"Ako hai, Mama."

"Ni wewe ulimshika?"

"Ni mimi."

Hakulia. Hakumlaani. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, na Ejore angelipwa dunia nzima asingeweza kusogea. Kisha mama akainuka, akauokota waya wa router uliobaki sakafuni, akauviringisha vizuri, akamwekea juu ya kisanduku.

"Usisahau waya," alisema. "Na utanipeleka nimwone."

"Nitakupeleka."

"Umekula?"

"Hapana, Mama."

"Angalau leo umesema ukweli," alisema mama yake, akaingia ndani.

Ejore alivaa miwani ya jua. Akatembea mpaka kwenye Land Cruiser bila kuharakisha, mgongo wima, kisanduku chini ya kwapa, kama afisa yeyote aliyemaliza kazi yake. Majirani waliomwona walisema, yule kijana ana roho ngumu.

Alipovuka kilima, simu ikashika mnara. Mistari yote minne ikajaa. Akaiweka juu ya dashibodi, akazima injini, akangoja ile simu ya kila siku.

Saa nane ikafika. Ikapita.