Ujana Uliomrudia Adero

Ukitaka kumpata Adero saa nane mchana, usimtafute jikoni. Saa hiyo samaki wameisha, wateja wamenawa mikono na kwenda zao, na moto umebaki makaa tu. Adero hutandika mkeka nyuma ya kibanda chake hapo ufuo wa Dunga, upande unaopata upepo wa ziwa. Anavua viatu, anajinyoosha, na usingizi unamchukua. Wachuuzi wenzake wamezoea. Wanapunguza sauti kidogo, halafu wanasahau na kuendelea kupiga kelele.

Adero alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alikuwa mama mnene, na aliupenda unene wake. Kabla ya kulala mchana alimaliza ugali uliobaki na kichwa cha samaki aina ya mbuta kilichokaangwa kwa mafuta mengi. Kisha alishushia soda baridi. Soda hiyo aliletewa na mume wake, Ouma, kila siku bila kukosa. Ouma alikuwa fundi wa mashua hapo hapo ufuoni.

"Angalieni mama watoto wangu," Ouma alipenda kuwaambia watu. "Mtu akitaka kujua kama Ouma anatunza bibi, aangalie tu."

Alikuwa na sababu. Miaka mingi iliyopita, ugonjwa ulipita pwani hii ya ziwa na kukondesha watu. Dada yake, Debra, alikonda hadi watu wawili wakatosha kubeba jeneza lake. Tangu siku hiyo, Ouma aliamini kwamba mwili mnene ndio afya, na wembamba ndio kifo. Wengi hapo ufuoni waliamini hivyo hivyo, ingawa hawakulisema kwa sauti.

Kwenye mkeka ule Adero aliota ndoto nzuri. Alijiona Port Victoria, alikozaliwa. Alikuwa msichana tena. Aliingia ziwani na nguo zake, maji yakiwa na uvuguvugu, na magugu maji yakafunguka mbele yake yenyewe. Mama yake alimwita kutoka ufuoni. Yeye alicheka tu na kuendelea, na maji hayakuwa na mwisho.

Mwezi wa tatu ndoto hizo zilizidi. Ndio mwezi ambao damu ilirudi.

Damu yake ya mwezi ilikuwa imekatika miaka saba mizima. Asubuhi moja akaona doa kwenye leso. Baada ya wiki mbili akaona tena, na mwezi uliofuata ikaja siku tatu mfululizo. Hakusikia uchungu wowote. Jumapili hiyo mhubiri alikuwa amesoma habari za Sara, mke wa Abrahamu, aliyepata mtoto uzeeni. Adero alikaa kwenye benchi, mkono tumboni, akahisi maneno yale yameandikwa kwa ajili yake.

"Nyasaye amenikumbuka," alijiambia. Mungu amenikumbuka.

Hakumwambia mtu. Alinunua gauni jipya la manjano. Alipakaza nywele mafuta ya kunukia. Alikuwa akigeuza samaki kwenye karai, anatabasamu peke yake, mpaka samaki wanaungua.

"Mama Byron," Ouma alimuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao, "siku hizi unacheka na nani?"

"Na mimi mwenyewe," alisema.

Msimchekee. Nani kati yetu angeona ujana unabisha mlangoni asiufungulie?

Alhamisi moja alikuja Nakhungu. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa. Hupita nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, begani kabeba mkoba wenye mizani na mashine ya kupima presha. Alimpima Adero presha, akaandika. Mizani ilisoma kilo mia moja na tatu. Akaandika tena.

Adero alimvuta karibu. "Nakhungu, nikuulize kitu. Mama wa umri yangu anaweza kushika mimba?"

"Kwa nini unauliza, Mama?"

"Uliza Sara wa Biblia," Adero alisema, akacheka. Kisha akamweleza yote, kwa sauti ya chini na uso wenye furaha.

Nakhungu hakucheka. Alifunga daftari lake taratibu.

"Mama, nisikize vizuri. Damu ikishakatika mwaka mzima, imeisha. Ikirudi, hata tone moja, hata kama hakuna uchungu, daktari lazima aangalie. Mara nyingi inakuwa kitu kidogo. Lakini saa zingine ni kansa ya tumbo la uzazi inaanza. Ikishikwa mapema, inatibika."

"Kansa? Yawa! Kansa inakula mtu. Kwani mimi nakaa kama mtu anakuliwa?" Adero alijipiga kwenye paja. "Angalia huu mwili!"

"Hapo ndio watu wengi wanakosea. Huo mwili ndio unanipa wasiwasi."

Nakhungu akavuta kigoda, akaketi.

"Mafuta ya mwili haikai tu bure," alisema. "Inafanya kazi. Inatengeneza homoni. Homoni ni kama ujumbe, inaambia tumbo la uzazi ijenge utando ndani. Ukiwa msichana, utando inajengeka, halafu kila mwezi inatoka. Sasa wewe haitoki tena. Lakini mafuta bado inasema, jenga, jenga. Na hakuna mwenye anasema, acha. Utando inakuwa nene, inaanza kutoa damu. Ikikaa hivyo miaka, inaweza kugeuka kansa."

"Kwa hivyo kila mtu mnene ako na kansa?"

"Hapana. Wanene wengi hawapati, na wembamba wengine wanapata. Lakini unene unaongeza hatari. Hatari ya tumbo la uzazi, na ya matiti kwa mama ambaye damu imekatika. Pia utumbo mkubwa, figo, ini, na zingine."

"Na mtoto?" Adero aliuliza polepole. "Hakuna mtoto?"

"Hakuna mtoto, Mama."

Adero akalia. Hakulilia kansa, maana hiyo bado ilikuwa neno tu. Alimlilia yule msichana wa Port Victoria. Kwa miezi miwili waliishi pamoja, na sasa alikuwa akiondoka tena bila kuaga.

Ouma alisikia kilio akaja mbio, uzi wa kupimia mbao ukiwa bado mkononi. Nakhungu alimtazama Adero kwanza. Adero akaitikia kwa kichwa, ndipo Ouma akaelezwa. Ouma alisikiliza damu, akasikiliza kansa, lakini aliposikia habari ya kupunguza mwili, alikataa katakata.

"Unataka bibi yangu akonde? Nakhungu, wewe unajua hapa! Watu watasema Ouma amemnyima chakula. Watasema ako na ugonjwa. Mimi nilimwona Debra akiisha, kidogo kidogo. Sitaki kuona tena."

"Pole, Baba," Nakhungu alisema, na alimaanisha. "Debra alikondeshwa na ugonjwa. Kupunguza mwili ukikula vizuri ni kitu ingine kabisa. Hebu leta huo uzi. Mpime mama urefu, kutoka kichwa hadi kwa kisigino."

Ouma alipima, kwa kuwa kupima ni kazi yake na mikono haikuweza kukataa. Akakata.

"Sasa ukunje katikati. Nusu ya urefu. Mzungushie kiunoni."

Ouma alizungusha. Ncha mbili za uzi hazikukutana. Kati yake zilibaki shubiri mbili. Alivuta, akaangalia upande wa pili kama uzi umenasa mahali. Haukuwa umenasa.

"Nusu ya urefu inafaa kuzunguka kiuno na ibaki," Nakhungu alisema. "Kama haifiki, mafuta imezidi tumboni. Hiyo ndio mbaya zaidi."

"Ajipime na yeye!" Adero alisema huku akifuta machozi. Ouma akajipima. Wake pia haukufika, ulipungua nusu shubiri. Adero alicheka kidogo, na kicheko kile kiliwasaidia wote watatu.

Ouma alikaa chini. Aliuzungusha uzi kwenye vidole, akaukunjua, akauzungusha tena.

"Mashua nilimaliza miaka saba iliyopita," alisema mwishowe, "ikianza kuleta maji leo, mimi siwezi sema imerudi kuwa mpya. Naivuta nje, naangalia chini." Akasimama. "Mama Byron, kesho tunaenda hospitali. Mimi na wewe."

Adero aliogopa. Usiku wote aliogopa, na asubuhi alivaa lile gauni la manjano akiwa bado anaogopa. Lakini alienda.

Kwenye hospitali kubwa ya mjini walimkuta Daktari Waithera. Alimuuliza maswali mengi bila kumwonea haya wala kumlaumu. Alipiga picha ya tumbo kwa mashine. Kisha akachukua kipande kidogo cha utando wa ndani ili kipimwe kwenye maabara. Iliuma kwa muda mfupi, kama uchungu wa mwezi ukiwa mkali.

"Majibu ni baada ya wiki mbili," alisema.

Wiki hizo mbili zilipita kama kwenye ukungu. Adero aliuza samaki, akarudisha chenji, akajibu salamu, lakini roho yake haikuwa hapo. Mchana alilala na ndoto haikuja. Alilala tu, akaamka, akatazama ziwa. Ouma alipiga misumari akakosea, akajigonga kidole.

Siku ya majibu, waliketi mbele ya daktari wakiwa wameshikana mikono. Hawakuwa wamefanya hivyo mbele ya watu tangu harusi yao.

"Si saratani," alisema Daktari Waithera.

Ouma akatoa pumzi kwa nguvu hata karatasi za mezani zikatikisika.

"Lakini utando umekuwa mnene kupita kiasi. Tukiuacha, unaweza kugeuka. Mumekuja wakati mzuri. Tutaweka koili ndogo ndani ya tumbo la uzazi. Iko na dawa inayoambia utando uache kukua. Baada ya miezi sita tunapima tena. Hiyo ni kazi yangu. Yako, Mama, ni kupunguza mwili. Pole pole. Hatutafuti wembamba, tunatafuta afya. Hata kilo chache zikitoka, mwili unaona tofauti."

"Daktari," Adero alisema, "mimi ni mpishi. Nitakaa aje na njaa mbele ya karai?"

"Usikae na njaa. Badilisha sahani."

Nakhungu ndiye aliyemfundisha namna. Alichukua sahani ya Adero mwenyewe, ya bati, yenye maua. Nusu yake akajaza mboga, osuga na sukuma wiki. Robo akaweka samaki wa kuchemsha na nyanya na kitunguu. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Adero aliutazama ule ugali kwa masikitiko.

"Huu ni wa mtoto," alisema.

Soda ilikwisha. Ouma aliendelea kumletea kitu kila mchana, lakini sasa ilikuwa chupa ya maji au paipai. Chai ikapunguziwa sukari, kijiko kimoja, kisha nusu. Na wateja wa mtaa wa Milimani, ambao samaki wao walikuwa wakipelekwa na bodaboda, wakaanza kupelekewa na Adero mwenyewe kwa miguu. Mara ya kwanza alipumzika njiani mara tano, akamlaani Nakhungu mara sita.

Msidhani alikuwa malaika. Kwenye matanga ya jirani mmoja alikula chapati nne na nyama ya mafuta, na kesho yake akamficha Nakhungu uso. Nakhungu alimwambia tu, "Leo ni siku ingine, Mama." Akaendelea.

Baada ya miezi miwili alianza kuipenda ile safari ya Milimani. Asubuhi barabara za huko zina kivuli kirefu. Majani huanguka bila haraka. Adero alitembea na kikapu chake, akipumua vizuri, magoti yakiwa hayamlalamikii tena, na mawazo yakaelea mbali, kama zamani kwenye mkeka. Alishangaa kwamba mtu anaweza kuota akiwa anatembea.

Damu ilikoma. Miezi sita ilipotimia, mizani ilisoma kilo tisini na tatu. Daktari Waithera alichukua tena kipande cha utando, na majibu yalipotoka, aliyasoma mara mbili ili Adero ayasikie vizuri.

"Utando umerudi kawaida. Endelea hivyo hivyo. Tutaendelea kukuangalia. Na damu ikionekana tena, usingoje siku ya miadi."

Adero alirudi Dunga akiwa mwepesi wa moyo. Bila shaka watu walikuwa wameanza kunong'ona. Wiki hiyo hiyo Caren, muuza omena wa kibanda cha mbele, mjane wa miaka sitini na mwili mzito, alimvuta Ouma kando.

"Shemeji, usikasirike. Mama Byron anaisha. Gauni zake zinamzunguka. Mpeleke hospitali mapema."

"Nilimpeleka," Ouma alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mashua. "Ndio maana ako na mimi hapa. Enda umuulize."

Caren akaenda. Adero hakumficha kitu. Alimweleza damu, na Sara, na uzi, na koili, na ugali wa mtoto. Caren alisikiliza akitikisa kichwa, akacheka palipochekesha. Kisha akaacha kucheka. Akatazama nyuma yake, akasogea karibu, na kwa sauti ndogo sana akamwita binti wa Port Victoria.

"Hiyo damu, Nyar Port... ilikuwa inakuja kidogo kidogo tu? Kama doa?"

Adero alimtazama rafiki yake machoni. Samaki wanne walikuwa kwenye karai, wateja wawili wakingoja. Alitoa karai motoni, akafungua aproni.

"Funika omena yako," alisema. "Tunaenda kwa Nakhungu saa hii."